9 Desemba Dar imebaki siku ya kulala. Nani aliamua sherehe za Uhuru ni hasara?

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na nyuzi za vyama. Hauhusu chama chochote.

Nimechoka. Kila Novemba ikielekea ukingoni tunaanza kuulizana kama mwaka huu sherehe za Uhuru zipo au hazipo. Sikukuu ambayo tarehe yake inajulikana tangu 1961 sasa inasubiriwa kama mwandamo wa mwezi!

Niwakumbushe mtiririko, maana watu wanasahau haraka. 2015 Magufuli alifuta sherehe, akaagiza nchi nzima ifanye usafi. Kipindupindu kilikuwa kimeshika jiji, na yeye mwenyewe alionekana kule Feri akizoa taka kwa mikono. Bilioni 4 zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Niliunga mkono, na hadi leo naona mwaka ule ilikuwa sawa. Ila jambo la dharura likageuzwa mazoea. 2017 sherehe zikaenda Dodoma. 2018 zikafutwa, hela ikaenda kwenye hospitali hukohuko Dodoma. 2019 zikawa Mwanza. 2020 zikafutwa, safari hii tukaambiwa vifaa tiba. 2021 tukarudishiwa Uwanja wa Uhuru kwa kuwa ilikuwa miaka 60. 2022 zikafutwa tena, milioni 960 zikaenda kwenye mabweni ya shule za wanafunzi wenye mahitaji maalumu. 2024 ikawa kila mkoa na wilaya wajiadhimishie, fanyeni usafi, pandeni miti.

Najua kuna mtu tayari ameshaanza kuandika kwamba nachukia watoto wenye ulemavu wapate mabweni. Ndugu, tulia usome. Bweni ni haki ya yule mtoto, na Bunge linakaa kila mwaka kupitisha bajeti ya mambo hayo. Kwa nini bweni lake lisubiri gwaride lifutwe ndipo lijengwe? Mkishafunga vitu viwili hivi pamoja, kila anayedai sikukuu yake anaonekana adui wa wagonjwa na yatima. Hapo ndipo mjadala unapouawa, na ndilo linalonikera kuliko yote.

Halafu hiyo gharama ni ya nini hasa? Askari wapo, sare wanazo, gwaride wanalijua. Bendi ya Polisi ipo. Vikundi vya ngoma vimejaa Temeke na Ilala, vingine vinalilia tu nafasi ya kuonekana. Uwanja ni wa serikali. Kama kinachokula hela ni mahema ya wageni waalikwa, fulana, kofia, posho za vikao na misafara ya magari, kateni hivyo vyote. Mwananchi wa jukwaa la jua hakuwahi kuomba hata kimoja.

Sisi tuliokulia Keko 9 Desemba tulikuwa tunaamka gizani. Mnaenda kwa miguu hadi Shamba la Bibi, yaani huohuo Uwanja wa Uhuru, hakuna tiketi, ukichelewa unakaa upande wa jua na hunung'uniki. Nje kina mama wanauza maandazi na barafu za ukwaju, vijana wanauza vibendera vya karatasi. Ndani, mizinga 21 inaanza kupigwa: watoto wadogo wanalia, mama zao wanawaziba masikio huku wenyewe wanacheka. Ndege za jeshi zikipita, uwanja mzima unasimama bila kuambiwa. Na halaiki! Mamia ya watoto wa shule, filimbi ikilia wanainama, ikilia tena wanageuka, mara unaona wameandika UHURU kwa miili yao katikati ya majani. Nakumbuka mtoto mmoja aliyepotea mstari, mwenzake akamvuta shati bila hata kumtazama, akarudi mahali pake, mchoro ukakamilika. Jukwaa letu lilimshangilia yule mvutaji kana kwamba kafunga goli.

Sasa linganisheni na hili. Binti wa dada yangu aliingizwa kwenye halaiki akiwa darasa la tano. Shule siitaji. Wiki kadhaa mazoezi kwenye jua la Novemba, mzazi anunue raba nyeupe na soksi, mtoto akirudi nyumbani anahesabu hatua sebuleni. Siku chache kabla ya kilele, sherehe zikafutwa. Hakuna mtu mzima aliyekwenda kuwaambia watoto wale hata asante. Raba zikawekwa "za mwakani", mwakani zikawa zinambana. Na aliyetoa tangazo hajui kama mtoto huyo yupo.

Matokeo yake ndiyo haya. Asubuhi ya 9 Desemba mtandao wa simu unakutumia ujumbe wa heri ya Uhuru, maduka yanatangaza punguzo, mchana watu Coco Beach, jioni baa. Sina ugomvi na Coco Beach. Ila muulize mtoto wa mtaani kwako Luteni Alexander Nyirenda ni nani, aliyepandisha bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro usiku ule. Muulize nini kilitokea Uwanja wa Taifa wa wakati ule, ambao ndio Uwanja wa Uhuru wa sasa, saa sita usiku, taa zilipozimwa, bendera ya Mwingereza ikashushwa gizani, na taa zilipowaka ya Tanganyika ikawa juu. Lilitokea hapahapa Temeke. Mtoto wa Temeke hajui!

Jambo jingine. Mwenge wa Uhuru unakimbizwa nchi nzima karibu kila mwaka, halmashauri kwa halmashauri, na hela inapatikana. Hiyo siku yenyewe ambayo mwenge uliwashwa mlimani ndiyo inayokosa hela? Hapo nani atanielewesha?

Wazanzibari wana Kombe la Mapinduzi kila Januari. Hata asiyekanyaga uwanjani siku ya kilele ana mechi za kubishania barazani. Sisi Dar, wenye Simba na Yanga, tumeshindwa kuwa na hata bonanza la wilaya la Uhuru.

Ninachodai si kikubwa. Tarehe 9 asubuhi, viwanja vya Mnazi Mmoja, pale penye mnara wa Mwenge. Bendera, wimbo wa taifa, bendi, ngoma, halaiki. Viti vya mbele wapewe wazee waliokuwepo 1961, wapewe na kipaza sauti kabla ya kiongozi yeyote. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile leo ameshapita 80, tunawazika kila mwezi. Na uamuzi utangazwe Septemba, kabla watoto hawajachomwa jua.

Diwani wetu nimeshampelekea barua, sijajibiwa. Wa Kinondoni, Ubungo, Ilala na Kigamboni, pelekeni kwa wenu pia. Na mwenye mzee nyumbani aliyekuwa uwanjani usiku ule, muulize leo alisimama upande gani, alikuwa na nani, alirudije nyumbani, kisha uandike humu.