Mamlaka ikifunga kanisa, je, ni ulimwengu unaotuchukia?

Mleta mada:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tangu Rwanda ilipofunga nyumba za ibada zaidi ya 5,000 mwaka 2024, baada ya zile takribani 700 za Kigali mwaka 2018, nimesikia mahubiri yasiyopungua matatu yaliyojengwa juu ya Yohana 15:18, na yote yameishia pale pale: tunachukiwa kwa sababu sisi si wa ulimwengu. Mimi ni mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na hitimisho hilo silikubali.

Bwana alisema tutachukiwa kwa ajili ya jina lake. Petro, aliyewaandikia watu walioteswa kweli, anaonya kwamba mtu asiteswe kama mwuaji, wala mwizi, wala kama mtu anayejiingiza katika mambo ya wengine (1 Petro 4:15). Hilo la mwisho hunichoma. Miaka tisa iliyopita tulifanya mkesha wa siku tatu, spika zikiwa zimeelekezwa barabarani, na mama mmoja jirani aliyekuwa ametoka kujifungua akaja mara mbili kutuomba tupunguze sauti. Tuliahidi, hatukutimiza. Mtendaji wa mtaa alipofika usiku wa tatu na mgambo wawili, mwinjilisti wetu alitangaza katika spika zile zile kwamba Shetani amekasirika, nami nikaitikia "Amina" pamoja na wengine. Mama yule, kwa taarifa yenu, alikuwa Mkristo mwenzetu.

Huko Rwanda makanisa mengi yalikutwa na majengo yasiyo salama, kelele, au usajili usiokamilika, na sheria ya mwaka 2018 iliwataka viongozi wawe na elimu ya theolojia. Machi mwaka huo huo radi iliua watu 16 kanisani katika wilaya ya Nyaruguru, na kinga ya radi ni miongoni mwa mambo ambayo wakaguzi huyaulizia. Mtu anaweza kusema masharti hayo ni makali mno, na pengine ni kweli. Lakini kuiweka notisi ya choo na milango ya dharura katika fungu moja na kuni za Namugongo nchini Uganda, ambako tarehe 3 Juni 1886 watumishi vijana wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walichomwa moto kwa kukataa kuikana imani yao, ni kuwakosea adabu vijana wale.

Tena fundisho hili likikosa mipaka huua. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, ya watu waliofundishwa kwamba shule na hospitali ni vya ulimwengu mwovu, kisha wakafunga kula hadi kufa. Muumini akishaaminishwa kwamba kila aliye nje ni adui, hana tena wa kumkimbilia pale mchungaji wake anapopotoka.

Mchangiaji kutoka Kampala:

Mzee wangu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu spika, lakini kipimo chako kina tundu, kwa sababu mtesi hasemi kamwe kwamba anakutesa kwa ajili ya Kristo. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana wa Uganda walimwandikia Idi Amin waraka wa malalamiko. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum alishutumiwa kwa njama za silaha, na tarehe 16 akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, kisha serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Ukisoma karatasi za serikali peke yake, Luwum hakuteswa kwa imani hata kidogo.

Hata Mwanga alikuwa na hoja zake za kiserikali. Mwaka 1885 habari za Wajerumani kutwaa maeneo upande wa pwani zilikuwa zimemfikia, na Askofu James Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba kwa sababu alikuja kwa njia ya mashariki, upande ambao Waganda waliamini wavamizi wangetokea. Siasa na imani vilisukwa katika ukili mmoja, na wewe unatutaka tuvitenganishe kwa kusoma notisi iliyobandikwa mlangoni. Leo notisi ya choo ni ya choo kweli. Kesho hiyo hiyo itabandikwa kwa askofu aliyekemea wizi wa kura.

Mchangiaji kutoka Kenya:

Nilifundisha kaskazini mashariki mwa Kenya, na nashangaa mnavyoutaja ulimwengu kana kwamba ni kambi moja. Novemba 2014 Al-Shabaab walisimamisha basi katika kaunti ya Mandera, wakawatenga abiria 28 wasio Waislamu, wakawaua. Aprili 2015 walishambulia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148. Desemba mwaka huo wakasimamisha basi jingine huko huko Mandera, na safari hii abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao. Baadhi yao wakawapa wanawake Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi hapo, akafariki mwezi uliofuata. Baada ya Garissa, kanisani kwetu tulihubiriwa majuma manne juu ya adui. Baada ya basi lile la pili sikusikia hata sala moja ya kumwombea mjane wa Salah Farah.

Mleta mada:

Ndugu wa Kampala, umenibana, nakiri. Sababu iliyoandikwa haitoshi. Lakini Paulo kule Filipi alikataa kutolewa gerezani kimyakimya, akawataka maofisa waje wenyewe (Matendo 16:37), na baadaye akakata rufani kwa Kaisari. Kwa hiyo ningesema: tujenge choo, tuombe ukaguzi wa pili kwa maandishi, na mlango ukiendelea kufungwa twende mahakamani mchana kweupe. Hapo notisi ya uongo itajionyesha. Na waraka wa maaskofu wale haukulalamikia tu upekuzi wa nyumba ya askofu mkuu. Ulilalamikia na mauaji ya raia. Sisi hupaza sauti pale tu kibali chetu kinapokataliwa.

Mwalimu, kwako sina jibu. Mama niliyemtaja bado ni jirani wa kanisa, na mtoto wake yuko darasa la tatu. Nilimwambia mchungaji wetu kwamba nataka tukamwombe radhi kama kanisa, akasema kufanya hivyo sasa ni kuwapa watesi wetu silaha. Nasubiri maoni yenu juu ya hilo.