Prado 1KZ ya oto inapiga teke ikibadilisha gia, fundi anataka kushusha gia boksi

MTOTO WA PASUA (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Nina Prado ya 1997, injini 1KZ ya dizeli, gia boksi ya oto ya gia nne. Mwaka wa sita huu niko nayo na haijawahi kunisumbua zaidi ya kula mafuta. Sasa wiki kama tatu hivi, ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili inapiga teke utadhani kuna mtu kakugonga kwa nyuma. Ya pili kwenda ya tatu inashtuka lakini afadhali. Ya nne inaingia kimya kabisa. Asubuhi nikiweka rivasi inasita kidogo, kama inafikiria, halafu inaingia kwa kishindo mpaka watoto nyuma wanacheka.

Jumamosi huwa napanda Marangu kumwona mama, na kile kilima cha kutoka Himo ndicho kinanimaliza. Mateke mwanzo mwisho.

Nimeipeleka gereji moja hapa Moshi. Fundi kaendesha kama mita mia mbili, karudi kasema sahani za ndani (klachi za gia boksi) zimekwisha, tushushe tuweke gia boksi ya mtumba, milioni 2 na laki 3, ufundi mbali. Oili nimechungulia mwenyewe kwenye dipstiki, ipo juu ya alama, kwa hiyo haijapungua. Na gari haijafanyiwa kitu chochote karibuni. Kabla sijauza ng'ombe naombeni mawazo.

DEREVA WA HIMO
Nilishasema humu, mlimani ni manyuo tu, gia za mkono. Uza hiyo kitu.

DIZELI SAKINA
Mkuu usishushe chochote. Swali moja: dipstiki uliichomoa injini ikiwa inawaka au imezimwa?

MTOTO WA PASUA
Imezimwa, asubuhi kabla sijatoka. Kama ninavyopima oili ya injini.

DIZELI SAKINA
Basi hujapima. Oili ya gia boksi haipimwi kama ya injini. Gari ikilala, oili iliyokuwa juu kwenye toki konveta (kiungo kati ya injini na gia boksi) na mabomba inateremkia kwenye sampu, lile bakuli la chini, kwa hiyo utaiona nyingi hata kama ni pungufu. Fanya hivi: endesha kama nusu saa ipate moto vizuri, simama pahali tambarare, acha injini silensa. Kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu kutoka P mpaka L, rudisha P. Injini ikiwa bado inawaka chomoa dipstiki, futa, rudisha, chomoa tena. Oili inatakiwa iwe kati ya alama mbili za upande wa HOT. Ikipungua, pampu inavuta hewa, presha inachelewa, na hapo ndipo unapata huko "kufikiria" kwa rivasi. Ikizidi nayo inatoa povu, shida ni ileile.

Halafu dondoshea tone kwenye tishu nyeupe. Nyekundu ni salama. Kahawia ni uzee, badilisha. Nyeusi yenye harufu ya ukoko wa ugali, hapo fundi wako anaweza kuwa na hoja.

MAMA NJIRO
Kaka angalia na rejeta. Mimi yangu ilianza hivihivi, nikadharau. Oili ya gia boksi inapita ndani ya rejeta, tangi la chini, ili ipoe. Kile kibomba cha ndani kikitoboka, maji na oili vinachanganyika. Siku fundi alipochomoa dipstiki ilikuwa kama juisi ya mapera iliyotiwa maziwa. Maji yanalainisha gundi ya sahani, kwa hiyo kubadilisha oili peke yake hakukusaidia kitu, nilinunua gia boksi na rejeta kwa pamoja. Fungua kizibo cha rejeta injini ikiwa ya baridi, ukiona mafuta yanaelea juu ya maji usiendeshe hata mpaka dukani.

MZEE WA 300D
Vijana, kwenye Mercedes yangu ya zamani ya dizeli teke kama hilo lilitokana na mpira mmoja mwembamba uliopasuka, wa upepo unaovutwa kutoka kwenye pampu ya vakyumu kwenda gia boksi. Dalili nyingine ilikuwa ukizima funguo injini inaendelea kunguruma, maana na kuzima kwenyewe kunatumia upepo huohuo. Mafundi watatu walitaka kufungua gia boksi. Mpira niliubadilisha mwenyewe. Aangalie mipira yake.

DIZELI SAKINA
Shikamoo mzee. Kwa Mercedes za miaka ile uko sahihi kabisa, nimeziona kadhaa za hivyo. Ila hii Toyota gia boksi yake haiongozwi na vakyumu. Saa ya kubadilisha gia inaamuliwa na kompyuta, lakini presha ya oili inafuata kebo inayotoka pale unapokanyagia mafuta, wengi tunaiita kebo ya kikidauni. Ndiyo maana unaweza kuona gia zinabadilika kwa wakati wake lakini kwa teke.

Mtoto wa Pasua, narudi kwako. Umesema gari haijafanyiwa kitu. Kweli? Hata nozeli?

MTOTO WA PASUA
Aisee. Mwezi uliopita ilikuwa inatoa moshi mweusi, pampu ya dizeli na nozeli zikafunguliwa zikaenda kupimwa Arusha. Sikuitaja kwa sababu ile ni injini, hii ni gia boksi.

DIZELI SAKINA
Haya sasa. Wiki tatu za mateke, mwezi mmoja tangu pampu ifunguliwe. Anayefungua pale mbele lazima aguse kebo, na wengi wakirudisha wanakaza kwa macho.

Kuna kizibo kidogo cha chuma kimebanwa kwenye kebo, karibu na mdomo wa mpira wake. Injini ikiwa imezimwa, mtu akae ndani akanyage mafuta mpaka mwisho. Wewe angalia: kati ya kizibo na mdomo wa mpira inatakiwa nafasi ya milimita 0 hadi 1. Kizibo kikiwa kimevutwa mbali, kebo imekazwa mno, presha iko juu muda wote, ndiyo teke. Rekebisha kwa zile nati mbili.

Na tafadhali, usilegeze kupita hapo ukitafuta ulaini. Kuna mafundi wanalegeza makusudi, mteja anafurahi wiki mbili gari inateleza kama siagi, kumbe presha imeshuka na sahani zinateleza kweli. Baada ya hapo ndipo unanunua gia boksi.

FUNDI UMEME KIJENGE
Na upande wa umeme usiuruke. Taa ya O/D OFF (ya ovadraivu, yaani gia ya nne) inapepesa yenyewe ukiwa barabarani? Kama inapepesa, kompyuta imehifadhi kosa. Gari za miaka hiyo hazina haja ya mashine. Tafuta kiboksi cha dayagnosisi, kifuniko chake kimeandikwa majina ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kawaya, weka switchi ON bila kuwasha injini, kitufe cha O/D kiwe hakijazimwa, halafu hesabu. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa. Ikipepesa sita, ikapumzika, ikapepesa mbili, hiyo ni 62, solenoidi (vali ya umeme) ya kwanza. 63 ni ya pili, 64 ni ya lokapu, ile inayofunga konveta, 42 na 61 ni sensa za mwendo. Ukikosea tundu unaunguza kitu, kwa hiyo kama macho yameanza kuchoka mpe kijana ashike waya.

DEREVA WA HIMO
Manyuo haina TE1.

MTOTO WA PASUA
MREJESHO. Wakuu samahani nimekawia, nilikuwa na msiba Rombo.

Taa inapepesa mfululizo, hakuna kosa. Rejeta safi, Mama Njiro asante, nilichungulia huku moyo unadunda. Oili nilipima kama nilivyoelekezwa, nikiwa nimetoka Boma Ng'ombe na kurudi. Haikufika hata alama ya chini ya HOT! Rangi kahawia, harufu hakuna. Nikamwaga iliyotoka kwa nati ya chini, lita 2 na kidogo, nikaweka oili ya aina ya Dexron III. Muuzaji alitaka kunipa oili ya Prado hizi mpya, nikamwonyesha maandishi kwenye dipstiki yangu akanyamaza. Rivasi haifikirii tena.

Teke la kwanza kwenda pili likabaki. Nikamweka mdogo wangu akanyage mafuta. Kizibo kilikuwa mbali kama upana wa kidole kidogo. Nimerudisha mpaka ikabaki kama milimita moja. Jana nimepanda Marangu, nimeshuka, nikapanda tena bila sababu yoyote.

Kimebaki kitu kimoja. Nikisimama kwenye matuta, gari ikitulia kabisa, kuna "tok" moja kwa chini. Hainisumbui ila naisikia.

DIZELI SAKINA
Safi sana. Oili hiyo uliyomwaga ni sehemu tu, nyingi imebaki kwenye konveta. Endesha kama wiki mbili umwage tena, na mara ya tatu, itasafishika yenyewe. Na tafuta ilikovuja, oili haipungui hivihivi. Anza na mabomba yanayokwenda kwenye rejeta.

Hiyo "tok" siyo gia boksi. Propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye matairi, ina sehemu inayoteleza ndani ya nyingine, ikikauka inanasa halafu inaachia gari ikisimama. Kuna nipo (kichuchu) ya grisi hapo. Piga grisi, uzingatie na krosi zake, vile viungo vya ncha zake.

MTOTO WA PASUA
Naenda kuazima pampu ya grisi kwa jirani. Yule fundi kanipigia leo kuuliza kama nimepata hela.

MWANA WA USA RIVER
Wakuu na mimi nina Noah ya petroli ya oto, ukiweka D haiendi mpaka upige resi, inaweza kuwa nini?

MAMA NJIRO
Kaka, fungua uzi wako. Ila anza na dipstiki, injini ikiwaka.