Tupeane uzoefu: Katuni zinawafundisha nini watoto wetu?

Habari zenu wadau. Wazazi na walezi wenzangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu katuni, maana suala hili linanikosesha raha. Binti yangu wa miaka mitatu anaimba namba moja hadi ishirini bila kukosea, na zote kazipata kwenye katuni. Juzi nikamtuma vijiko vitatu. Akakumba vyote vilivyokuwa kwenye droo, akanimwagia mapajani, kisha akaanza kuimba. Wimbo kaushika, kuhesabu bado. Siku hizi nakaa naye, naisimamisha katuni katikati na kumuuliza, "Hapa bata wako wangapi?" Anasogea hadi kwenye kioo, anagusa mmoja mmoja. Naona sasa anaanza kuelewa. Kwenu hali ikoje?

Shangazi Mtu
Mtoto wa mdogo wangu alifika mwaka na nusu hasemi hata "mama", ila katuni ikiwashwa ananyamaza kimya. Daktari alimpima masikio, akakuta mazima, kisha akauliza: mchana kutwa anaongea na nani? Runinga ikazimwa, wakawa wanamsemesha kwenye kuoga, kula, kuvaa. Maneno yakaanza kuja, taratibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Kwa umri ule mtoto anajifunza kwa mtu anayemjibu, na katuni haimjibu.

Mwalimu wa Chekechea
Wengi tunaangalia matusi na ngumi tu, tunasahau kasi. Kuna katuni ambayo picha inabadilika kabla mtoto hajaelewa ya kwanza. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichukua watoto 60 wa miaka minne. Wengine walitazama katuni ya kasi kwa dakika 9, wengine ya polepole yenye mafunzo, wengine wakachora. Walipopimwa papo hapo, wale wa katuni ya kasi walifanya vibaya zaidi kwenye kusubiri na kufuata maelekezo. Kipimo kilikuwa cha muda ule ule, hivyo tusiseme wameharibika moja kwa moja. Ila ukimwonyesha hiyo asubuhi kisha ukamleta darasani, mimi namjua kabla hajakaa.

Baba Mapacha
Wangu walikuta ndege amekufa uani, wakakaa naye wakisubiri aamke. Mmoja akaniuliza, "Baba, mbona huyu haamki?" Kwenye katuni yao paka anapondwa na jiwe, anakuwa bapa kama chapati, halafu anasimama na kuendelea kukimbia. Ilibidi nikae nao chini niwaeleze kifo. Kwangu hizo za kupondana zimesitishwa hadi wakue.

Mama Kijacho
Kwangu simu hapana. Runinga ya sebuleni tu, nisikie kinachosemwa nikiwa jikoni.

Mlezi
Mama Kijacho, nakuunga mkono. Kwenye simu video inayofuata inajiwasha yenyewe. Unamwachia wimbo wa alfabeti, ukirudi unakuta wahusika wale wale anaowapenda wanang'olewa meno kwa nguvu, damu tele. Mwaka 2017 video bandia za namna hii zilizua kelele kubwa hadi YouTube ikafuta chaneli nyingi, lakini tusijibweteke. Zimeni ile sehemu ya kujiendeleza, na mtazame mpaka mwisho kabla ya kumwonyesha mtoto.

Dada Mkubwa
Mimi natofautiana nanyi kidogo. Mwanangu alikuwa akiona koti jeupe anapiga mayowe. Tukapata katuni ya sungura anayekwenda kuchomwa sindano, tukaitazama pamoja, akaomba irudiwe, ikarudiwa mpaka mimi nikachoka. Baadaye akawa anamchoma mwanasesere wake na kumbembeleza, "Pole, inaisha." Siku ya chanjo alilia kidogo tu, akatoa mkono mwenyewe. Msiwakatalie kurudia katuni ile ile. Kila wakirudia wanaelewa zaidi.

Mzazi Mpya
Asanteni sana. Na mwenye mkubwa wa miaka kumi na mdogo wa mitatu, runinga moja, anafanyaje?

Baba Mapacha
Mkuu, anayechagua ni mdogo. Mkubwa zamu yake mdogo akishalala.