Kamati inataka mwanachama mpya awe na handikapu isiyozidi 28. Nipige kura ipi?

Mpiga Kushoto

Wakuu, habari za humu.

Nina jambo linaninyima usingizi. Nalileta hapa kwa sababu klabuni siwezi kulitamka bila kumfikia mhusika kabla sijamaliza sentensi.

Niko kwenye kamati ya uanachama. Jumamosi ijayo tunapigia kura pendekezo kwamba kuanzia sasa anayeomba kujiunga aje na handikapu isiyozidi 28 (yaani mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji wa gofu; kadiri ilivyo kubwa, ndivyo uwezo ulivyo mdogo). Akizidi hapo, fomu yake haipokelewi. Sababu iliyotolewa ni moja tu, mwendo. Jumamosi asubuhi tunamaliza mashimo 18 kwa saa tano na ushee, na lawama zote wanabebeshwa wanaojifunza.

Mwenye pendekezo ni rafiki yangu, tunacheza pamoja kila wikiendi mwaka wa tisa huu. Halafu mimi mwenyewe nilipojiunga sikuwa na handikapu yoyote, nilikuwa natifua nyasi kama nalima. Na shemeji yangu yuko kwenye orodha ya wanaosubiri, ana 41, na sijaona mtu mwenye adabu kiwanjani kumzidi. (Msiniambie nijitoe kwa sababu ya shemeji, nimeshamweleza mwenyekiti, kasema nipige kura tu.)

Ila kusema kweli foleni imenichosha. Wiki iliyopita tulifika shimo la nne tukakuta makundi mawili mbele yetu hayajaanza kupiga. Nilihesabu watu kumi na wawili, mimi nikiwemo, tumeegemea fimbo kama wachungaji.

Nishaurini, ila msinipe siasa.

Fimbo Saba

Mkuu, piga NDIYO ulale. Gofu si kama kuogelea kwamba kila mtu na kona yake. Mmoja akikwama porini anatafuta mpira, nyuma yake kiwanja kizima kimesimama. Old Course ya St Andrews ni kiwanja cha umma, na bado wanataka uoneshe handikapu kabla hujaingia. Sisi tuone haya kwa lipi? Anayejifunza aende uwanja wa mazoezi, akiiva aje. Mimi nilikaa huko miaka miwili na sikufa.

Bi Mchanga

Hiyo 28 haikuokotwa njiani. Kwa miaka mingi kabla ya mfumo wa handikapu wa dunia kuanza 2020, Uingereza kikomo kilikuwa 28 kwa wanaume na 36 kwa wanawake. Kwa hiyo mwenye pendekezo amechukua kikomo cha zamani cha wanaume akakiweka mlangoni kwa watu wote. Kaka, hebu angalia fomu mlizopokea mwaka huu, uhesabu ni wanawake wangapi wangevuka hapo. Sidhani kama mtabakiwa na wa kuhesabu kwa vidole vya mikono yote miwili.

Sasa hivi kikomo ni 54 kwa kila mtu, na kina hesabu yake: mikwaju mitatu ya ziada kila shimo. Nilianzia hapo. Mkufunzi aliyenifundisha alinikazia kitu kimoja kabla hata ya namna ya kushika fimbo, nacho ni kujua lini niokote mpira. Tukicheza kwa pointi za Stableford, ambako kila shimo lina pointi zake na mikwaju ikizidi unapata sifuri, kwenye shimo ambalo kawaida yake ni mikwaju 4 mtu wa handikapu 54 akipiga wa nane na mpira haujaingia, pointi zimeisha. Okota, weka mfukoni, tembea. Kuna waliokaa klabuni miaka ishirini na bado wanahangaika na mkwaju wa kumi na moja mchangani, huku wenzao wanaangalia mawingu.

Saa Mkononi

Mimi ndiyo kazi yangu hii, kutoa makundi shimo la kwanza kisha kuzunguka kiwanjani na saa. Nikueleze nilichoona mwezi uliopita.

Kundi la polepole kuliko yote lilikuwa la wanaume wanne, wote chini ya 12. Mmoja mpira wake uko hatua tatu kutoka shimoni. Akachuchumaa nyuma ya mpira. Akazunguka upande wa pili wa shimo, akachuchumaa tena. Akarudi, akavua glavu, akaitia mfuko wa nyuma, akaokota jani ambalo wala halikuwa njiani. Akapiga hewa mara nne kujaribu. Akakosa. Ndipo mwenzake, aliyesimama muda wote huo mikono mfukoni, naye akaanza kuchuchumaa. Kanuni tangu 2019 zinashauri mkwaju usizidi sekunde 40 zamu yako ikifika. Yule bwana saa yangu ilisoma dakika moja na sekunde hamsini.

Nyuma yao kulikuwa na mama mmoja wa handikapu 47. Anafika, anapiga, mpira unaenda hatua sitini, anaufuata, anapiga tena. Mikwaju mingi, lakini miguu haisimami. Alikuwa anawasubiri wao kila shimo.

Swali langu kwako mkuu, mnatoa kundi kila baada ya dakika ngapi? Na shimo lenu fupi la kwanza ni la ngapi?

Nahodha Mstaafu

Kijana, niliongoza klabu miaka kadhaa na pendekezo kama hili lililetwa mezani mwangu. Lilikufa kwa swali moja la mjumbe mmoja mkimya: "Na sisi tuliomo humu ndani, tukizeeka?"

Nilikuwa 9 nikiwa na miaka arobaini. Leo nyonga imenibadilisha, niko 27, na kila msimu naongeza kidogo. Mwakani nikigonga 29 mtaniandikia barua? Kama hamtaniandikia, basi hamjali mwendo, mnajali nani anaingia. Chukua orodha ya handikapu za wanachama wenu, piga mstari kwenye 28, uone majina yaliyo chini ya mstari, yaani waliozidi 28. Usishangae kumkuta mjumbe wa kamati.

La pili ni la kiutaratibu tu, nashangaa halijasemwa. Handikapu ya kwanza mtu anaipata kwa kupeleka kadi za mashimo 54, na kwa kawaida anazipeleka kupitia klabu. Mnamwambia alete handikapu ndipo mumpe klabu. Ataipata wapi? Atakwenda kwa jirani yenu, akishaizoea klabu ya jirani hatarudi.

Wajerumani wana cheti wanakiita Platzreife, Waswidi wana kadi yao ya kijani. Mgeni anafundishwa kupiga, kanuni na adabu za kiwanjani, anapimwa, akifaulu anaingia. Hicho ni kipimo cha uwezo pia, tofauti ni kwamba kinauliza kama huyu mtu anajua kukaa kiwanjani na wenzake. Kinasahihishika: aliyefeli anarudia mwezi ujao. Mtu wa 41 umwambie arudi lini?

Fimbo Saba

Shikamoo mzee. La kuzeeka limenigusa, nakubali, na baba yangu ndiye alinifundisha na sasa hafiki 28 hata kwa dua. Lakini na nyie msitufanye wakatili. Juzi kuna kijana mbele yetu alipoteza mipira mitatu kwenye shimo moja, kila mmoja wanautafuta kundi zima, mwisho anarudi kwa miguu kule alikopigia. Nyie mngekuwa nyuma yake mngeandika mashairi?

Bi Mchanga

Nisingeandika mashairi, ningemuuliza aliyempokea klabuni alimfundisha nini. Kutafuta ni dakika tatu tu, si tano tena tangu 2019. Angepiga mpira wa akiba kabla hajaondoka. Na klabu inaruhusiwa kuweka kanuni ya ndani kwamba ukipoteza mpira unadondosha mwingine kule mbele kwa adhabu ya mikwaju miwili, hurudi nyuma. Klabu ngapi zimeiweka na kuibandika pale pa kuanzia, mahali mgeni anaiona?

Mpiga Kushoto

Nimesoma yote, asanteni sana. Mzee, nimepiga mstari kwenye orodha kama ulivyoniagiza. Chini ya mstari wapo wajumbe wawili wa kamati, na mmoja ni mweka hazina. Rafiki yangu mwenyewe yuko 26.8, miaka miwili iliyopita alikuwa 23.

@Saa Mkononi, dakika 8. Shimo fupi la kwanza ni hilo hilo la nne.

Saa Mkononi

Basi umejijibu. Kwenye shimo refu makundi mawili yanaweza kuwa humo kwa pamoja, wengine wako mbele na wengine wanaanza. Shimo fupi haliruhusu, mpaka waliotangulia watoke grini, pale penye nyasi fupi mpira unapoingizwa. Watu wanne kupiga, kutembea, kumaliza na kuondoka, weka dakika 10, hata wawe wazuri. Mkitoa kundi kila dakika 8, kundi la pili linasubiri dakika mbili, la tatu nne, la kumi linakuta dakika 18 zimeshalala pale. Waleteni mabingwa watupu, foleni itakuwa pale pale shimo la nne.

Zilikuwa 8 tangu mwanzo?

Mpiga Kushoto

Hapana. Ilibidi nifungue kumbukumbu za vikao. Zilikuwa 10, tukapunguza mwaka jana kwa sababu wanachama walilalamika kwamba nafasi za Jumamosi hazitoshi. Kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi tunatoa makundi 15 badala ya 12, yaani watu 60 badala ya 48. Walionyoosha mikono wameandikwa majina. La tatu kwenye orodha ni langu.

Nitapiga HAPANA, na nitaleta hoja mbili: turudi dakika 10 kwa miezi mitatu tupime, na mgeni apimwe na mkufunzi kwa mtindo wa mzee. Rafiki yangu nimempigia jana usiku ili asiyasikie kikaoni. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza ni nani atawaambia wale watu 12 wa ziada kwamba Jumamosi yao haipo tena.

Nahodha Mstaafu

Swali zuri. Na wewe huwa unaanza saa ngapi?

Mpiga Kushoto

Saa mbili na dakika 52. Kundi la mwisho.