Tasnifu ya uzamili ya fiziotherapia: wagonjwa 30, makundi matatu, vipimo sita. Nipunguze wapi?

Neema_Fizio

Habarini wakuu. Niko hatua ya propozali, na msimamizi amenirudishia. Mada yangu ni maumivu sugu ya mgongo wa chini, yaani wagonjwa walioumwa zaidi ya miezi 3. Nilipanga kuwagawa kwa bahati nasibu: kundi la mazoezi ya kuimarisha misuli ya kiuno na tumbo, kundi la tiba ya mikono, na kundi la vyote viwili. Kila kundi watu 10, kwa wiki 6. Nitapima maumivu kwa skeli ya 0 hadi 10, dodoso la Oswestry, dodoso la Roland-Morris, kipimo cha Schober cha mkunjo wa kiuno, ubora wa maisha, na hofu ya kusogea.

Msimamizi ameandika pembeni tu: "Hizi ni tasnifu tatu, chagua moja."

Nimesoma tasnifu nyingi za watu 30 na zimepita, ndiyo maana sielewi tatizo liko wapi. Mgongo sitaki kuuacha. Wagonjwa hawa wananigusa sana, hasa wale walioambiwa mgongo umeisha, wakaogopa hata kuinama kufunga kamba za viatu. Naombeni mwongozo.

Kijana_wa_Wodi

Hongera kwa kufika hapo dada. Kwa haraka: toa dodoso moja. Oswestry na Roland-Morris yote mawili yanauliza mgongo unamzuia mtu kufanya nini, na lile la pili peke yake lina vipengele 24. Mtu mwenye maumivu ukimkalisha kwenye kiti ajibu karatasi sita, zile za mwisho atajaza ili mradi. Na usimguse mgonjwa hata mmoja kwa ajili ya utafiti kabla kibali cha kamati ya maadili hakijatoka. Data iliyokusanywa kabla ya kibali hairekebishiki.

Mama_Takwimu

Neema mdogo wangu, nakuandikia kwa kirefu kwa sababu hili la "watu 30" nalikuta kwenye propozali karibu kila ninapoombwa ushauri, na linawaumiza wanafunzi wazuri.

Msimamizi wako hajakukataza makundi matatu kwa kupenda urahisi. Tufanye hesabu. Chukua kipimo kimoja, maumivu ya 0 hadi 10. Tuseme wagonjwa wako wanatofautiana kwa mkengeuko sanifu (yaani kiasi wanavyotawanyika kutoka kwenye wastani) wa 2.5. Ukilinganisha makundi mawili ya watu 10 kila moja, kwa nguvu ya takwimu (nafasi ya kuiona tofauti iliyopo kweli) ya asilimia 80 na kizingiti cha 0.05, tofauti unayoweza kuinasa ni zaidi ya pointi 3. Sasa jiulize kama mtaalamu: mazoezi yatayashinda matibabu mengine, ambayo nayo yanasaidia, kwa pointi 3 nzima? Ni vigumu sana. Utamaliza wiki 6 za jasho, utapata thamani ya p ya 0.2, juu ya kile kizingiti cha 0.05, halafu utaandika "hakuna tofauti", kumbe ukweli ni kwamba hukuwa na watu wa kutosha kuiona. Mtu mwingine ataisoma na kuacha kumpa mgonjwa mazoezi yaliyokuwa yakimfaa. Hilo ndilo linaloniumiza.

Kwa hiyo geuza mpangilio. Usianze na idadi. Anza na kipimo kimoja kikuu, kisha tofauti ambayo mgonjwa mwenyewe ataiona ina maana, kisha mkengeuko sanifu kutoka kwenye tafiti za wagonjwa wanaofanana na wako. Idadi itajitokeza yenyewe. Ukitaka tofauti ya pointi 2 kwa mkengeuko wa 2.5, unahitaji watu 26 kila kundi. Ongeza wa kufidia watakaoacha njiani, tuseme asilimia 15, unafika 31 kila kundi, yaani 62 kwa makundi mawili. Makundi matatu yatataka zaidi, maana sasa una milinganisho mitatu.

Idadi ikikushinda, badilisha swali. Usiipunguze idadi huku swali likibaki lilelile.

Jambo jingine ambalo wengi wanaliruka: umeandika "mazoezi ya kuimarisha misuli ya kiuno na tumbo". Yapi? Marudio mangapi, seti ngapi, mara ngapi kwa wiki, unapandisha ugumu lini na kwa kigezo gani, nani anasimamia, nyumbani anafanya nini? Kuna mwongozo wa TIDieR wa mwaka 2014 wenye vipengele 12 vya kueleza matibabu. Upitie kabla hujaandika sura ya tatu. Mfiziotherapia asiyekujua akiifungua tasnifu yako, aweze kuyafanya mazoezi yale yale kesho yake.

Fizio_Mkongwe

Nakubaliana na Mama Takwimu, ila nina nyongeza moja muhimu kuhusu zile pointi 2. Namba hiyo inatajwa sana tangu uchambuzi wa Farrar na wenzake wa mwaka 2001 kwa maumivu sugu, lakini inahusu badiliko la mgonjwa mmoja: alikuwa 7, sasa yuko 5, anasema nimepata nafuu. Tofauti ya wastani kati ya kundi na kundi ni kitu kingine. Kundi la kulinganisha nalo hupata nafuu, kwanza kwa sababu linatibiwa, pili kwa sababu watu huja kliniki maumivu yakiwa yamepanda na mara nyingi hushuka yenyewe. Kwa hiyo tofauti kati ya makundi huwa ndogo kuliko pointi 2. Ukiweka 1.25 kwa mkengeuko ule ule wa 2.5, idadi inaruka hadi 64 kila kundi.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili kuwapata watu 128, kuwatibu wiki 6 na kuwapima tena, huku anayepima hajui nani yuko kundi gani, ni kazi nzito mno. Mgonjwa na mtibabu kwa kawaida huwezi kuwafichia kundi kwenye fani yetu, kwa hiyo mpimaji lazima afichwe, na hapo unahitaji mtu wa pili.

Ukilipenda sana jaribio lako, lipo lango: liite utafiti wa uwezekano. Unapima wangapi walikubali kujiunga, wangapi walimaliza, walihudhuria vipindi vingapi, madodoso yalijazwa kikamilifu au la. Kuna nyongeza ya CONSORT, mwongozo wa kuripoti majaribio ya matibabu, ya mwaka 2016 mahususi kwa tafiti za namna hiyo. Watu 30 hapo wana kazi ya kweli, mradi usitangaze kwamba matibabu yameshinda.

Neema_Fizio

Nimesoma mara mbili na nimeishiwa pumzi kidogo, lakini nimeelewa. Asanteni sana. Nimefikiria hiki: kwenye ile orodha yangu, Schober ndicho kipimo ninachokitumia zaidi, na wenzangu kila mtu anakichukua kivyake. Je, kuchunguza kama wapimaji wawili wanapata jibu moja kwa wagonjwa wa mgongo ni tasnifu inayotosha, au wataniona nimekimbia kazi?

Mama_Takwimu

Inatosha, na ina faida ya moja kwa moja kwa mgonjwa. Tunamwambia mtu "umeongezeka sentimita moja" na anafurahi. Tuna haki ya kumwambia hivyo?

Tuseme mkengeuko sanifu wa vipimo vyako ni sm 1.5 na ICC (namba inayoonyesha wapimaji wanakubaliana kiasi gani, 1 ikiwa kamili) imetoka 0.84. Kwa karatasi inapendeza. Sasa tafuta kosa sanifu la kipimo: 1.5 mara kipeuo cha pili cha 0.16 (yaani 1 toa 0.84), unapata sm 0.6. Zidisha kwa 1.96 na kwa kipeuo cha pili cha 2, inafika karibu sm 1.7. Maana yake, mgonjwa aliyepimwa na mmoja leo na mwingine baadaye, akiongezeka sentimita moja, huwezi kuitenga na kosa la kupima. Sentensi hiyo moja, ukiipata kwa data yako mwenyewe, ina thamani kubwa kwa kliniki yoyote.

Sasa utekelezaji, maana hapa ndipo kazi inapoharibika. Kwenye Schober iliyorekebishwa mara ya pili (modified-modified Schober) unachora mstari kwenye usawa wa vishimo viwili vya kiunoni, unachora alama ya pili sm 15 juu yake, mgonjwa anainama mbele, unasoma umbali umeongezeka kiasi gani. Mpimaji wa kwanza akimaliza, FUTA alama zote kwa spiriti hadi ngozi iwe safi, wekundu nao uishe. Zikibaki hata kivuli, wa pili atafuata alama za mwenzake, na utakuwa umepima usomaji wa tepu tu. Kugusa vishimo na kuamua mstari upite wapi ndiko kunakoleta tofauti kubwa.

Mgonjwa ainame mara chache kabla ya kipimo cha kwanza, kwa sababu mgongo ukishapashwa moto unakunjika zaidi na mpimaji wa pili atapata namba kubwa bila sababu. Nani aanze, mpange kwa bahati nasibu. Kila mmoja na karatasi yake, asione ya mwenzake.

Idadi nayo ihesabu, usiikisie. ICC ya 0.84 kwa watu 30 na wapimaji wawili ina masafa ya uhakika ya asilimia 95 ya takriban 0.7 hadi 0.92. Kama kwako hayo ni mapana, ongeza watu. Na utaje umetumia ICC ya aina gani, maana zipo kadhaa na majibu hayafanani.

Fizio_Mkongwe

Ongeza swali moja kwenye fomu: maumivu ya mgonjwa wakati anainama, 0 hadi 10, kwa kila mpimaji. Yakipanda kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, utajua tofauti imetoka kwa mgonjwa, haikutoka kwa mikono yenu. Halafu chapa fomu ya kurekodia hata kabla ya kuandika sura ya kwanza, ijaribu kwa wenzako wawili watatu, kisha iweke hapa tuipitie.

Neema_Fizio

Naianza leo usiku. Msimamizi nimeshamwandikia kuomba tuonane.