Naomba ushauri: paka wa nje na joto hili la Muscat

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naishi Ruwi, na nyuma ya jengo letu kuna paka watano wasio na mwenyewe. Siku hizi mchana joto linapita digrii 44. Bakuli la bati nililowawekea maji lilikuwa linachoma mkono ifikapo saa nne, nikabadilisha, nikaweka chungu cha udongo kivulini na kutia barafu. Chakula nawapa alfajiri tu, maana kikikaa kidogo kishajaa sisimizi. Boksi nililowawekea wajifiche limekuwa tanuri, hawaligusi. Wanalala chini ya magari, na hilo ndilo linanitia hofu zaidi.

Jana yule jike mweupe nilimkuta anahema mdomo wazi, mate yanamtoka. Nikampangusa miguu na tumbo kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Alipopata nafuu akanikwaruza, ndiyo shukrani ya paka hiyo.

Nauliza mawili: niwajengee kivuli cha namna gani kinachopitisha hewa bila kumuudhi mlinzi wa jengo? Na paka asiyeshikika akizidiwa tena, nimkamate vipi nimfikishe kwa daktari wa mifugo?