Suluhu ya Annaba: tuliipata au tuliachiwa?

Mwanzisha mada, Tabora

Wadau, salaam. Tangu Alhamisi usiku sijatulia, na si kwa furaha peke yake. Tarehe 7 Septemba 2023 Taifa Stars wameingia Annaba, wametoka 0-0 na Algeria, na Januari tunakwenda Ivory Coast. Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, la tatu katika historia yetu: Lagos 1980, Misri 2019, na hili. Banda nililoangalia mimi lilijaa mpaka watu wanachungulia kwenye matundu ya mabati. Filimbi ya mwisho ilipolia, mzee mmoja jirani yangu alikaa chini kwenye udongo akashika kichwa. Hakusema neno.

Asubuhi nafika kijiweni, nakuta hadithi nyingine kabisa. "Algeria walishafuzu, wametuachia." "Mmepaki basi dakika tisini, huo nao mpira?" Mmoja akasema heri tungefungwa huku tunacheza mpira unaoeleweka. Kahawa ilinishinda.

Msimamo wangu ni huu, na anayepinga apinge kwa hoja. Suluhu ile tuliitolea jasho. Chukueni kalamu. Kabla ya mechi sisi tuna alama 7, Uganda 4. Jioni hiyohiyo Uganda wakaifunga Niger 2-0 kule Marrakech, wakafika 7. Sasa tuseme Annaba tumefungwa 1-0. Wote tuko 7. Tukiangalia tulipokutana wenyewe, sisi tuliwafunga 1-0 Ismailia kule Misri, wao wakatufunga 1-0 Dar, ngoma droo. Ikija tofauti ya magoli ya kundi zima, sisi tungekuwa hasi mbili, wao hasi moja. Uganda ndio wangepanda ndege. Goli moja tu, ndugu zangu! Vijana wamekaa dakika zote zile na goli moja limewakalia shingoni, nyumbani kwa timu iliyokuwa imeshinda mechi zake zote tano za kundi.

Na mimi nakumbuka tulikotoka. Novemba 2015 tuliwaongoza Algeria 2-0 hapa Dar, wakasawazisha zote mbili, siku tatu baadaye wakatupiga saba Blida. Saba! AFCON ya 2019 walitupiga tatu Cairo. Juni mwaka jana wamekuja kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar, wakatufunga mbili. Timu iliyobeba saba ikirudi nchi ileile na kutoka bila nyavu kutikisika, mniambie ni nini kama si hatua?

Kampala

Hongereni majirani, nasema kwa moyo safi ingawa unauma. Sisi tulifanya kazi yetu, tumeshinda mbili safi. Ila hilo la jasho tuliongee ukweli. Algeria hakuwa na cha kupoteza usiku ule. Nafasi ya kwanza alikuwa nayo tayari, hata angefungwa. Timu ya namna hiyo inacheza kwa heshima, haichezi kwa njaa. Sisi alitufunga nyumbani kwake na akatufunga tena Douala. Ninyi amewaacha mpite. Silaumu mtu, ila msiite vita.

Mwanzisha mada

Kaka wa Kampala, asante kwa hongera, najua si rahisi. Lakini tazama tarehe. Algeria hakufuzu juzi. Alifuzu mwezi wa tatu, alipoifunga Niger nyumbani na ugenini ndani ya siku chache. Mlipokutana naye Douala mwezi wa sita alikuwa ameshafuzu vilevile, hana cha kupoteza vilevile, na akawafunga 2-1. Sasa kama kufuzu kunamfanya mtu alegeze, mbona kwenu hakulegeza? Timu ileile, hali ileile. Ninyi mliruhusu mawili, sisi hatukuruhusu hata moja.

Kampala

Hapo umenishika. Sina jibu la haraka. Bado naumia, lakini hapo umenishika.

Temeke

Mimi ndiye yule wa kusema "mmepaki basi", au mwenzangu wa aina hiyo, kwa hiyo niruhusuni niseme yote.

Sina tatizo na basi. Ukiwa Annaba na alama moja inakutosha, unarudisha watu nyuma, unaziba katikati, unaondoa mpira kwenye hatari, unakwenda nyumbani. Kocha yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Tatizo langu ni kwamba tunashangilia Annaba ili tusizungumzie Dar.

Tarehe 28 Machi mimi nilikuwepo kwa Mkapa. Siku nne tu kabla yake tumemfunga Uganda Ismailia, goli la Msuva, na watu wakaja uwanjani wakijua kundi tunalimaliza siku ile. Nilitoka kazini saa nane mchana, nikapanda daladala nimesimama mpaka Uhasibu, nikatembea na mwanangu wa miaka tisa mabegani. Dakika ya tisini tukafungwa. Uganda ambaye uwanja wake wa Namboole umefungwa kwa ukarabati, anacheza mechi za nyumbani nchi za watu, amekuja kushinda kwetu. Mwanangu aliniuliza njia nzima, "Baba, si umesema tunashinda?"

Haya, pigeni hesabu na mimi. Mechi sita, alama 8. Nyumbani: tumefungwa na Algeria, tumefungwa na Uganda, tumemfunga Niger 1-0. Alama 3. Nje: sare ya 1-1 na Niger, ushindi kwa Uganda, suluhu Annaba. Alama 5, na hatujafungwa hata mechi moja! Hii ni timu gani inayoogopa kwao? Laiti tungetoka hata suluhu na Uganda siku ile, Annaba tungekwenda na alama 8, Uganda angekuwa na 2, na asingetufikia hata angemfunga Niger kumi. Mlioshika vichwa kwenye mabanda Alhamisi, mlikuwa mnalipa deni la Machi.

Na si Stars tu. Yanga mwaka huuhuu, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger. Wamekwenda Algiers wakashinda 1-0, jambo ambalo timu nyingi Afrika hazijawahi kulionja. Kombe liko wapi? Liko Algiers, kwa sababu wiki moja kabla walifungwa 2-1 hapahapa kwa Mkapa, jumla ikawa 2-2 na magoli ya ugenini yakawahukumu. Mimi ni Simba damu na niliumia siku ile, kwa sababu niliona ugonjwa uleule. Tunaimba kwa Mkapa hatoki mtu. Wanatoka.

Nimalizie na la zamani, maana wengi humu mlikuwa watoto. Septemba 2010 tulikwenda Blida, Algeria wametoka Kombe la Dunia Afrika Kusini, tukawashika 1-1. Kesho yake kocha wao Saadane akajiuzulu. Nchi nzima tukavimba. Mwaka uliofuata tukafungwa 2-1 Bangui na Afrika ya Kati, tukamaliza kundi tukiwa wa mwisho na alama 5. Sare na mkubwa imetulewesha sana, na kila ikitulewesha tunakwenda kujikwaa kwa mwenzetu wa kimo kimoja.

Mombasa

Ndugu zetu, mnajadili namna mlivyofuzu! Sisi Kenya hata kundi hatukucheza. FIFA ilitufungia Februari 2022, hadi kifungo kinaondolewa Novemba mechi za mwanzo zilikuwa zishachezwa, na sisi tushatolewa nje. Mtoto wangu amekaa akiwashangilia ninyi kwa sababu hana timu yake. Na huyo kocha wenu Amrouche tunamjua, alitupatia Kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, 2013 pale Nyayo. Mtu wa nidhamu, habembelezi jina la mchezaji. Kwenda kwao Algeria alikozaliwa na kuwakazia namna ile si jambo dogo. Msimvunje moyo.

Mwanza

Temeke umesema, lakini kuna kitu umekipa mgongo. Hizo mechi za "ugenini" zisikudanganye. Niger tulicheza naye Cotonou, Uganda tulicheza naye Ismailia. Viwanja vya watu, majukwaa matupu, mwenyeji mwenyewe ni mgeni. Ugenini wa kweli katika kundi hili ulikuwa mmoja, Annaba. Kwa hiyo usiseme timu inaogopa kwao na inatamba nje. Sema timu inacheza vizuri pasipo na kelele. Hilo ni jambo jingine, na dawa yake ni nyingine.

Mimi linaloninyima usingizi ni mbele. Mechi sita, magoli matatu. Matatu! Mawili kati ya hayo ni ya Msuva, la tatu George Mpole kule Cotonou. Samatta amekaa juu peke yake mechi baada ya mechi, anapigania mipira ya juu na mabeki wawili, mpaka mtu unamhurumia. Ukuta tunao, nakubali, na Annaba umeonekana. Lakini AFCON huendi kupiga suluhu tatu. Mwaka 2019 tulifunga mawili, yote kwenye mechi ya Kenya, na bado tukalala 3-2. Hatujawahi kushinda mechi hata moja ya fainali hizi tangu 1980. Hata moja. Nitafurahi Annaba mpaka Jumapili, Jumatatu nataka kusikia nani atafunga.

Morogoro

Wanangu, mimi ni mtu mzima, sina haraka ya kuandika. Nimewasoma wote.

Mwaka 1979 nilikuwa kijana wa kiwanda. Tulikuwa tumewafunga Zambia 1-0 Dar, tukaenda kurudiana Ndola. Redio ilikuwa moja mtaa mzima, ya fundi cherehani, na ameiweka dirishani ili walio barabarani wasikie. Wakatufunga. Pale mtaani pakawa kimya kama msibani. Ikawa tunasubiri tu, mtangazaji anahema na sisi tunahema naye. Peter Tino akasawazisha. Sikuona goli lile wakati ule, nililisikia tu, na mpaka leo nikifumba macho naliona. Moja moja, Tanzania tukaenda Lagos.

Hakuna aliyetuuliza tulicheza mpira gani Ndola. Hakuna aliyesema Zambia walilegeza. Baadaye ikapita miaka thelathini na tisa bila kwenda tena, na mimi nimezika wengi tuliokuwa chini ya dirisha lile ambao hawakuiona 2019. Kwa hiyo anaponiambia mtu heri tungefungwa tukicheza vizuri, namwangalia tu. Safari zetu zote kubwa hazikuwa nyingi kiasi cha kuchagua rangi.

Wewe wa Temeke, mwanao wa miaka tisa mrudishe uwanjani. Usimwache na ile siku ya Machi peke yake.

Mwanzisha mada

Mzee wangu, shikamoo. Umenifanya nisome mara mbili.

Temeke, nakuja kwako. Nilianzisha mada hii nikiwa na hasira na watu wa kijiweni, na kwenye hasira hiyo Machi niliiruka. Hesabu yako ya nyumbani na nje sikuwa nimewahi kuiweka hivyo, na sina pa kuipinga. Mwanza ameipunguza makali, ila kufungwa kwa Mkapa dakika ya tisini hakuna uwanja wa watu wa kusingizia. Ninachokikataa ni kimoja: deni hilo lisigeuzwe kuwa aibu ya Annaba. Walioruhusu deni na waliolilipa ni vijana walewale, na walilipa mahali pagumu kuliko pote. Mtu akikulipa, unampa risiti, halafu ndiyo mnakaa kuongea kwa nini alikopa.

Sasa niwaulize lililobaki. Makundi ya kufuzu Kombe la Dunia yameshatoka, tuko na Morocco, Zambia, Congo Brazzaville, Niger na Eritrea. Morocco huyu ni wa nusu fainali ya Qatar, na atakuja Dar. Tukipaki basi kwa Mkapa tukatoka naye 0-0, mtashangilia au mtazomea? Mimi binafsi nimejiuliza tangu jana na bado moyo unakwenda huku na huku.

Temeke

Nitashangilia, ila tu kama dakika ya tisini tutakuwa bado tunataka goli. Na nitakuwa jukwaani, mzunguko, na mwanangu. Mzee wa Morogoro, amesoma ujumbe wako mwenyewe, nimemshikia simu. Ameniuliza Ndola iko mbali kiasi gani.